Mgonjwa Haulizwi Uji

Jioni ya leo, wasikilizaji wangu, nimeazimia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo, lau mtu angaliniambia mwaka jana kwamba iko siku nitalisimulia mbele ya kipaza sauti hiki, ningalimcheka mpaka machozi yakanitoka. Nalo ni hali ya mtu aliyepasuliwa taya, akarejeshwa kwake meno ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa waya, akatakiwa akae katikati ya jamaa na majirani bila ya kutafuna na bila ya kunena. Mimi, ambaye riziki yangu yote hutoka katika kunena, ndimi niliyekuwa mtu huyo.

Sababu yake ni ndogo wala haina fahari. Ilikuwa magharibi, nimepanda nyuma ya bodaboda kutoka barabara kuu iendayo Lungalunga, twaingia kijijini kwetu Gazi, mbuzi wa mtu akakatiza njia. Kijana aliyekuwa akiendesha akamkwepa, gurudumu likazama mchangani, yeye akatua matakoni salama salimini nami nikatua kidevuni, juu ya jiwe la tumbawe. Taya langu la chini likavunjika mahali pawili kwa pigo moja, na madaktari waliniambia baadaye kwamba hilo si la ajabu, kwani mfupa huo umepindwa mfano wa kiatu cha farasi, na pigo la kidevu hupasua pale lilipopiga, kisha nguvu yake husafiri juu mpaka kwenye ile shingo nyembamba ya taya iliyo mbele ya sikio, ikapavunja napo.

Nilivushwa mpaka Mombasa, nikatiwa nusukaputi, nikaungwa. Pale kidevuni walitia vibati vidogo vya madini ya titani, vilivyokazwa kwa skrubu zisizozidi punje ya mpunga. Na ile shingo ya taya, ambayo si rahisi kuifikia kwa kisu pasipo kuhatarisha mishipa iendeshayo uso, wakaamua kuitibu kwa utulivu tu: walizivika safu za meno yangu vyuma vyembamba vilivyofuata upinde wa ufizi, kisha wakaifunga ya juu na ya chini pamoja. Waliniambia kwamba kwangu majuma matatu yatatosha, kwa kuwa kifundo cha taya kikifungwa mno hukakamaa; walakini wako wengine, ambao mvunjiko wao ni wa namna nyingine wala haukutiwa vibati, ambao hufungwa majuma manne hata sita. Siku ya pili nikaruhusiwa, tukarudi kwa njia mpya ya Dongo Kundu ili kuepuka msongamano wa feri ya Likoni, nami kitini mbele nikiwa nimeshika kidevu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai la kuazima.

Hapa ndipo mazungumzo yangu yanapoanzia. Kwani kazi ya mpasuaji ilikwisha kwa muda wa saa chache, naye aliisomea miaka mingi. Lakini kazi ya kuuguza, ambayo ni ndefu kuliko ile na ambayo mfupa hauungi bila yake, ilikuwa ndiyo kwanza yaanza, na waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwa ni shangazi yangu mzee, mke wangu, na watoto wawili wa shule, ambao hapana hata mmoja wao aliyepata kumwona mtu aliyefungwa kinywa.

Shangazi alinipokea mlangoni, akanitazama, akasema kwa sauti ya kunitia nguvu: mgonjwa haulizwi uji. Nanyi mwaijua methali hiyo, kwamba mwenye maradhi hangojwi aseme anataka, bali hupikiwa akaletewa, maana kumwuliza ni njia ya kumnyima. Akaingia jikoni, akapika uji wa mtama mzito, mtamu, wenye moto wa jikoni, akanipa na kijiko. Nikautazama ule uji, nikautazama uso wa shangazi uliojaa huruma, nikaona ni haramu kumvunja moyo, nikaupeleka mdomoni. Punje zake zikakwama katika waya, na mwingine ukanimiminikia kidevuni. Na kwa kuwa mdomo wangu wa chini ulikuwa umekufa ganzi, kwani mshipa wa fahamu wa mdomo huo hupita ndani ya mfupa wenyewe na ukiguswa huchukua majuma au miezi kuzindukana, sikujua kwamba nimeungua mpaka mke wangu alipoona malengelenge. Basi methali ile, ambayo nimeitumia maisha yangu yote bila ya kuitia mashaka, nikalala nayo usiku ule nikiigeuza na kuigeuza, na ndiyo iliyonipa kichwa cha maneno yangu ya leo.

Nataka kwanza niwaeleze siku zenyewe jinsi zilivyo, kwa ajili ya nyumba nyingine itakayoletewa mgonjwa kama mimi. Kwani bodaboda hazipungui katika nchi yetu hii ya Kwale, na wagema wangali wakipanda minazi, na mwenye kuanguka hachagui kiungo.

Uvimbe hauwi mkubwa siku ya kupasuliwa. Huongezeka, na upeo wake ni siku ya pili na ya tatu, kisha huanza kushuka polepole, ikawa sehemu kubwa yake imeondoka baada ya juma moja au mawili. Nasema hivi kwa kuwa watu wangu, walipoona siku ya tatu uso wangu umekuwa mfano wa fenesi, walidhani mambo yameharibika, wakataka kunirudisha Mombasa usiku. Damu iliyovilia chini ya ngozi nayo hushuka kwa uzito wake, ikapita shingoni hata kifuani, ikigeuka rangi kutoka zambarau kwenda kijani na manjano, na hilo pia si la kutisha. Lenye kutisha ni jingine: uvimbe uliokwisha kupungua kisha ukarudi ukiwa na moto na maumivu, homa, usaha wenye harufu mbaya, damu isiyokoma, au pumzi kuwa nzito, hayo yakitokea, siku haingojwi kupambazuka.

Katika siku mbili za mwanzo dawa ya uvimbe ni barafu, iliyofungwa katika kitambaa isiguse ngozi, ikawekwa shavuni dakika ishirini, ikaondolewa, ikarudishwa. Kwetu Gazi barafu haikuwa taabu, kwani wachuuzi wa samaki pwani huwa nayo; ila ile yangu ilikuja na harufu ya nguru, na kwa muda wa siku mbili paka wa mtaa mzima walinifanyia heshima ambayo hawajanifanyia tangu hapo. Baada ya siku hizo barafu haina faida kubwa, na wengine huhamia kitambaa cha maji ya vuguvugu.

Kulala kulikuwa kazi. Daktari aliagiza kichwa kiwe juu, ili uvimbe ushuke na mate yasinipalie. Nikawekewa mito mitatu na gunia la pamba, nikalala nimeketi kama nahodha katika tezi la jahazi. Na hofu ya usiku, niiseme wazi, si maumivu, kwani maumivu yana dawa yake ya maji. Hofu ni kutapika. Mtu aliyefungwa meno hudhani kwamba akichafukiwa na moyo atakufa kwa kupaliwa. Tabibu akanituliza kwa maneno ambayo nayarudia hapa kwa maana yake: inama mbele, elekeza uso chini, achia midomo, pumua kwa pua, kilichomo tumboni mwa mtu anywaye vitu vya maji ni maji, nayo hupata njia yake katikati ya meno na kupitia nyuma ya magego. Ikiwa pumzi kweli imezuiwa, hapo ndipo waya hukatwa.

Kwa ajili hiyo alinipa mkasi mfupi, mnene, wa kukatia waya, akamwonyesha mke wangu waya zipi ndizo za kukatwa, zile zisimamazo wima kati ya meno ya juu na ya chini, wala si zile zilizolala juu ya ufizi. Akatuusia kwamba mkasi huo usiwekwe sandukuni wala kabatini, bali uwe karibu na mgonjwa usiku na mchana, hata akienda msalani aende nao. Tukautundika kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa changu, kwa uzi mwekundu ili uonekane upesi. Wageni walioingia wakauona, wakatazamana. Na siku ya nne nikasikia habari imeenea kijiji kizima kwamba nimetundikiwa kago la nguvu kutoka kwa fundi wa Vanga, na mama mmoja akamwuliza mke wangu kwa siri gharama yake ni kiasi gani.

Turudi kwenye uji. Mtu mwenye mfupa unaounga ana haja ya chakula zaidi ya mzima, ilhali njia ya chakula imekuwa nyembamba kama tundu la sindano; kwa hiyo asiposimamiwa hukonda, na akikonda kidonda huchelewa. Mimi nilipungua kilo nne kwa majuma matatu, nami niliambiwa nimejitahidi. Kijana wa bodaboda, ambaye dhamiri yake ilimsumbua kuliko mguu wake ulivyomsumbua, alikuwa akiniletea madafu mawili kila asubuhi, akayapasua mwenyewe, akasimama mpaka niyamalize. Na madafu ni kinywaji chema, hutuliza koo na hurudisha maji mwilini, lakini hayajengi nyama, na mgonjwa aliyeachiwa madafu na chai ya rangi peke yake hudhoofika huku jamaa zake wakidhani anakula.

Basi shangazi, alipokwisha kuniona nimeungua, hakutoa udhuru wala hakulia. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, akaniambia nimfunulie midomo aone. Akazitazama zile waya muda mrefu, kama mfumaji atazamavyo kazi ya mfumaji mwingine, akatia kidole chake nyuma ya gego langu la mwisho akakuta uwazi mdogo, akanyanyuka. Tangu saa ile mapishi ya nyumba yalibadilika. Changu alichemshwa, akatolewa miba, akasagwa katika mashine pamoja na tui, kisha akapitishwa katika kifumbu, kile kile cha kukamulia nazi, halafu katika kitambaa. Mbaazi za nazi zikafanywa vivyo hivyo, na supu ya kuku, na kunde, na uji wa ulezi uliotiwa maziwa na siagi ya njugu. Parachichi likasagwa na maziwa, na papai, na ndizi mbivu. Akanipa mara sita kwa siku, kidogo kidogo, vuguvugu, kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano na kutiwa mpira mfupi, akauelekeza ule mpira ndani ya shavu mpaka kwenye uwazi alioukuta kwa kidole chake. Wala hakuniuliza. Alikwisha kutazama, na aliyetazama hana haja ya kuuliza.

Hapo ndipo nilipoielewa ile methali. Haisemi kwamba mgonjwa apewe chochote kwa namna yoyote, na afungwe mdomo kwa shukrani. Yasema kwamba mwuguzi na ajue kabla ya kuambiwa, na elimu hiyo haiji kwa huruma tupu, kwani huruma ilikuwapo tele katika bakuli lile la kwanza lililoniunguza.

Na kila baada ya kula ni kusafisha, maana chakula kilichobaki katika waya huoza, na uozo hupata njia ya kuingia kwenye mshono. Maji ya vuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi, nikasukutua kwa kuyazungusha mashavuni. Kisha mswaki wa mtoto, ulio laini, kwa upande wa nje wa meno. Na midomo ikapakwa mafuta isipasuke. Ule mswaki wetu wa mti, pamoja na baraka zake, nikauweka kando kwa muda, kwani ni mgumu na nyuzi zake hukwama. Tumbaku na muguka ni adui wa kidonda cha kinywani. Na juu ya tembo la mnazi, hata asiyejali uharamu wake na ajali hili, kwamba mlevi aliyefungwa meno akitapika usingizini huenda asiamke.

Sasa nije kwa wageni, na hapa naomba radhi kwa majirani zangu wanaonisikiliza, kwani nitasema kweli. Desturi yetu watu wa pwani ni kuwa mgonjwa hutazamwa, na asiyetazamwa huonekana hana watu. Ni desturi tukufu. Lakini maamkizi yetu ni marefu, na yamejengwa kwa kujibizana: ulizwa hali, jibu, ulizwa watoto, jibu, ulizwa kazi, jibu, kisha zamu ni yako uulize nawe. Mwenye kufungwa taya huweza kutoa sauti, naam, sauti ya mtu anenaye ndani ya mtungi, lakini kila neno humgharimu, misuli hujikaza juu ya mfupa unaotaka kutulia, na mate humtoka asijue. Siku ya kwanza nilijibu wageni kumi na mmoja. Usiku wake sikulala.

Asubuhi yake nikatwaa daftari la mwanangu na kalamu. Likafaa, mpaka alipoingia mjomba wangu mkubwa, mzee wa umri wa kuheshimiwa, ambaye hakwenda shule ya herufi za Kizungu, ila tangu utoto husoma na kuandika Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya wazee wake. Nikamwandikia jibu, akaligeuza daftari huku na huku, akaliweka chini kwa upole. Nikaona haya. Nikalitwaa tena, nikaanza upande wa kulia, nikakumbuka chuo cha utotoni herufi moja baada ya moja, nikaandika maneno manne yaliyopinda: sijambo, mjomba, taratibu, alhamdulillahi. Akayasoma kwa sauti, akasahihisha mahali pawili, kisha akaketi nami saa nzima asiseme neno, akivuta tasbihi. Katika ziara zote nilizopata, ile ndiyo iliyoniponya zaidi.

Wengine walikuja na shauri. Mmoja akataka taya likandwe kwa mafuta ya nazi na habasoda, kama anavyokandwa aliyeteguka mguu. Nikatikisa mkono kwa hofu, kwani mvunjiko mbichi haukandwi. Mwingine akaudhika kwa niaba yangu, akasema ni ukatili wa hospitali za siku hizi kumfunga binadamu kinywa kama mbuzi anayesafirishwa. Nikamwandikia kwamba jambo hili ni kongwe kuliko hospitali zote: Hipokrati wa Uyunani alikwisha kueleza habari ya kuyafunga meno kwa waya wa dhahabu au uzi wa kitani pindi taya livunjikapo, na Abulqasim al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, ameandika katika Kitab al-Tasrif jinsi ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa waya wa dhahabu. Kufunga safu ya juu na ya chini pamoja kulihuishwa Marekani na daktari Thomas Gilmer mwaka 1887. Na vile vibati vidogo vilivyo kidevuni mwangu vimeenea tangu miaka ya 1970, wapasuaji wa Ufaransa walipoonyesha kwamba kipande chembamba, kikiwekwa mahali pake hasa, chatosha kuushika mfupa, na kwa sababu hiyo wagonjwa wengi siku hizi hawafungwi kabisa. Akasoma, akasema: basi wangekutia wa dhahabu.

Akaja pia mama mmoja mwenye majonzi, akanong'ona mlangoni kwamba uvimbe wa taya anaujua, ulimchukua mtoto wa ndugu yake. Huyo hakuwa wa kuchekwa. Maradhi yangu siyo hayo, lakini hayo yapo, na yana historia katika nchi zetu hizi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Mwaka uliofuata akaieleza saratani hiyo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakatwaa gari kuukuu, wakasafiri takriban maili 10,000 mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi maradhi hayo yaonekanapo na wapi yasipoonekana. Wakakuta kwamba hufuata nchi za joto na mvua, mle mle mwenye malaria nyingi. Nayo ni saratani ambayo dawa huiweza kuliko kisu, ikiwahiwa. Kwa hiyo, mzazi unayenisikiliza, mtoto ambaye taya lake lavimba pasipo kuumia, au meno yake yalegea kabla ya wakati, asipelekwe kukandwa wala kuchanjwa chale. Apelekwe Msambweni hospitalini, juma hili, si juma lijalo.

Siku ya nne na ya tano zilikuwa nzito kwa namna nyingine. Uvimbe ulianza kushuka, wageni wakapungua, na badala ya kufurahi nikaingiwa na huzuni isiyo na sababu, nikalia mbele ya kioo kama mtoto. Nimeambiwa kwamba hali hiyo huwapata wengi baada ya kupasuliwa uso, na kwamba hupita. Mwenye kuuguza na ajue hivyo, asimkemee mgonjwa kwamba hana imani. Na kuhusu ibada, kwa kuwa niliulizwa na wengi, mwalimu wetu alinitoa wasiwasi: kusukutua katika udhu ni sunna kwa madhehebu yetu ya Shafii, na kisomo hutamkwa kwa kadiri ulimi uwezavyo, wala Mungu haikalifishi nafsi jambo isiloliweza.

Juma la pili nikaruhusiwa kutembea. Jioni nikawa natoka, nikapita karibu na ile nyumba kuukuu ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, nikashuka mpaka kwenye ile njia ya mbao iliyojengwa na akina mama wa kijiji katikati ya mikoko, nikasimama. Mikoko ile ya Gazi si yote ya asili. Katika miaka ya 1970 ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za tanuri za chokaa na matofali, ikaachwa matope matupu. Ndipo katika miaka ya 1990 wataalamu wa bahari na watu wa kijiji wakaanza kuipanda upya, na leo, kwa mpango wa Mikoko Pamoja ulioanzishwa mwaka 2013 ili kuuza hewa ya ukaa, miti ile hukiletea kijiji fedha za maji na za shule. Nami nilikuwamo miongoni mwa vijana waliopanda. Tulifundishwa kwamba mche wa mkoko haufi kwa njaa. Hufa kwa kutikiswa. Ukichomekwa leo, ukapigwa na mawimbi kabla mizizi haijashika tope, huelea ukaenda zake. Lakini ukipewa majuma machache ya maji matulivu, hakuna wimbi litakalouondoa. Nilisimama pale na kinywa changu kilichofungwa, na kwa mara ya kwanza sikuziona zile waya kuwa kifungo.

Siku ya ishirini na moja nikafunguliwa. Kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja tu. Nikapewa mipira myepesi ya kuyaongoza meno na mazoezi ya kila siku, mpaka vidole vitatu vipite, ndicho kipimo wanachokitaka. Neno langu la kwanza nilimwambia shangazi. Nilimwuliza: uji upo?

Sasa nawaomba, wasikilizaji wangu, mkisikia kwamba jirani amepasuliwa taya, mwendeeni, msimwache. Lakini mkae dakika kumi, muulize maswali ya kujibiwa kwa kichwa, na mkononi mwenu msichukue mahamri, bali supu iliyochujwa mara mbili. Mkifika, tupeni jicho ukutani, mhakikishe mkasi upo na kwamba yuko mtu nyumbani ajuaye kuutumia, na kwamba yuko mwenye gari atakayeitika usiku. Wangu mimi ungali pale pale kwenye msumari, na uzi wake mwekundu. Atakayeuhitaji hapa Gazi na aje abishe hodi saa yoyote, auchukue.